Je, Wajua Kwa Nini Aliyechomwa Botox Hawezi Kukunja Ndita?

Simama mbele ya kioo, kisha ukunje ndita kama mtu aliyeambiwa na kondakta kwamba nauli imepanda tangu asubuhi. Tazama katikati ya nyusi: mistari miwili imesimama wima. Sasa jifanye umeshtuka. Nyusi zinapanda, na mistari ya kulala inajitokeza kwenye paji la uso. Mwisho cheka, lakini ucheke kweli, hadi pembe za macho zitoe mikunjo iliyotawanyika kama miale ya jua.

Sehemu hizo tatu ndizo zinazochomwa zaidi sindano za kuondoa makunyanzi, maarufu kwa jina la Botox. Wengi hudhani dawa hiyo inanyoosha ngozi, kama pasi inavyonyoosha kanga. Ngozi yenyewe haifanywi kitu. Dawa inaunyamazisha msuli ulio chini yake, na msuli wa uso ukinyamazishwa, kuna maneno ambayo uso hauwezi tena kuyasema.

Misuli mingi ya mwili imeshika mfupa huku na mfupa kule. Ukiikaza, kiungo kinakunjika. Ya uso ina tabia yake. Mingi huanzia mfupani na kuishia kwenye ngozi, kwa hiyo ikijikaza huivuta ngozi kama uzi unavyovuta pazia. Na kama ilivyo kwa pazia, mikunjo hukingama na uzi. Msuli wa paji la uso umesimama, kutoka kwenye nyusi kupanda kuelekea kwenye nywele, ndiyo maana mistari yake imelala. Ule wa ndita umelala juu ya jicho karibu na pua, ndiyo maana mistari yake imesimama. Kuzunguka jicho kuna msuli wa mviringo, na kwenye pembe unakunja ngozi kwa namna ya miale. Mtoto akinuna, ngozi yake hurudi ilivyokuwa mara tu anapopewa alichokuwa akililia. Kadiri miaka inavyokwenda, na jua likifanya kazi yake, ngozi hupoteza mnyumbuliko, na mkunjo uliokuwa ukija na kuondoka unaamua kukaa.

Kilichomo ndani ya sindano ni sumu, na sina sababu ya kulificha neno hilo. Inatengenezwa na bakteria aitwaye Clostridium botulinum, na ni miongoni mwa sumu kali kuliko zote zinazojulikana. Mwanzoni mwa karne ya 19, huko Württemberg nchini Ujerumani, daktari aliyekuwa pia mshairi, Justinus Kerner, alichunguza watu waliokuwa wakifa baada ya kula soseji zilizoharibika. Kope zilidondoka, midomo ikakauka, kumeza kukawa tabu, mwisho pumzi ikakatika, na muda wote huo mgonjwa ana akili zake timamu. Kerner alijijaribia sumu hiyo mwenyewe kwa kiasi kidogo, na akaandika kwamba huenda siku moja ikawa dawa. Mwaka 1895, katika kijiji cha Ellezelles nchini Ubelgiji, wanamuziki wa bendi walikula nyama ya nguruwe iliyohifadhiwa kwa chumvi baada ya kupiga msibani. Wengi wakaugua na watatu wakafa. Emile van Ermengem ndiye aliyembaini bakteria kutokana na mkasa huo. Jina la bakteria huyo, botulinum, limetokana na neno la Kilatini, botulus, yaani soseji.

(Nisiliache hili lipite. Mbegu za bakteria huyohuyo huweza kuwamo ndani ya asali. Tumbo la mtu mzima linazimudu, la mtoto mchanga haliwezi. Kwa hiyo mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe asali, hata kama bibi anasema ni desturi.)

Unabii wa Kerner ulitimia California. Alan Scott, daktari wa macho wa San Francisco, alikuwa akitafuta namna ya kutibu makengeza bila kisu. Aliona kwamba tone dogo sana la sumu hii hulegeza msuli unaolivuta jicho upande. Marekani iliiidhinisha kwa makengeza na kwa kope zinazojifumba ovyo mwaka 1989. Wakati huo, mjini Vancouver nchini Kanada, daktari wa macho Jean Carruthers alikuwa ameshakutana na jambo ambalo hakulitegemea. Mama mmoja aliyekuwa akitibiwa kope alilalamika kwamba safari hii hakuchomwa katikati ya nyusi. Daktari akamwambia kwamba hapo hapakuwa na tatizo lolote. Mama akaeleza kuwa kila akichomwa hapo uso wake hutulia, huonekana hana dhiki. Mume wa Jean, Alastair, alikuwa daktari wa ngozi na alikuwa amehangaika siku nyingi na mikunjo ya wateja wake. Jean alipomsimulia, wakaanza kuijaribu dawa hiyo kwa mikunjo. Huo ulikuwa mwaka 1987. Idhini ya Marekani kwa ajili ya urembo ilikuja mwaka 2002, na ilihusu ndita peke yake.

Sasa tusogee karibu zaidi, hadi pale neva inapokutana na msuli. Hazigusani. Kati yao kuna upenyo mdogo mno. Ubongo ukiamuru “kunja”, amri inateremka hadi ncha ya neva, na humo kuna vipochi vilivyojaa kemikali iitwayo asetilikolini. Ili msuli ujikaze, sharti vipochi vifike ukingoni, vishikane nao na kumwaga vilichobeba. Vinashikana kwa ndoano za protini, na mojawapo inaitwa SNAP-25. Sumu hii huingia ndani ya ncha ya neva na kuikata ndoano hiyo. Basi. Ubongo unaendelea kuamuru, neva inaendelea kupokea, vipochi vimejaa, ila mlango haufunguki. Msuli wenyewe mzima kabisa. Umeketi ukingoja mjumbe asiyefika.

Ndiyo maana pia dawa hii si ganzi. Aliyechomwa bado anahisi nzi akimtua kwenye paji la uso, anahisi jasho na anahisi busu. Kinachomshinda ni kuinua nyusi kwa mshangao.

Matokeo huanza kuonekana baada ya siku mbili hadi nne na kufikia kilele kama wiki mbili baadaye. Baada ya miezi mitatu au minne hivi uso hurudi, kwa kuwa neva haikubali kushindwa: huchipua vijitawi vipya kuutafuta msuli, na polepole ule mlango wa zamani nao hufunguka. Anayerudia sindano kwa miaka mingi huona msuli ukikonda, kama mguu uliotoka kwenye plasta ngumu (POP). Mwaka 2006 daktari William Binder aliandika kuhusu pacha wawili wa kufanana, wenye miaka 38. Mmoja alikuwa amechomwa mara kwa mara kwa miaka 13, mwenzake mara mbili tu maishani. Mistari iliyodumu kwenye paji la uso la huyu wa pili ilionekana hata akiwa ametulia. Kwa mwenzake haikuwapo.

Kwa nini basi wengine wakichomwa hupendeza, na wengine huonekana kama wamevaa sura ya mtu mwingine? Hapa ndipo ninapotaka watu wasome kwa makini kabla ya kutoa pesa zao. Nyusi huvutwa kama kamba kwenye mchezo wa kuvutana. Upande wa juu una mvutaji mmoja tu, msuli wa paji la uso. Upande wa chini wako kadhaa: wa ndita, wa juu ya pua na ule wa mviringo. Ukiwanyamazisha wa chini, wa juu anabaki bila mpinzani na nyusi zinapanda kidogo, uso unaonekana umepumzika. Ukimnyamazisha sana wa juu, wa chini wanashinda, nyusi zinalala juu ya macho na mtu anaonekana amechoka au ana hasira ambayo hana. Ukimnyamazisha katikati tu ukamwacha pembeni, mikia ya nyusi inaruka juu kama ya mtu anayeshuku kila anachoambiwa. Na dawa ikisambaa hadi kwenye msuli unaoinua kope, jicho moja linafunga nusu kwa wiki kadhaa. Kuna wazee ambao kope zao zimelegea na wamezoea kuziinua kwa msaada wa paji la uso bila kujua. Ukiwalegeza hapo, wanashindwa kuona vizuri.

Kwa ndita, dozi iliyoidhinishwa ya Botox ni yuniti 20, zilizogawanywa katika nukta tano, kila nukta yuniti nne. Ni matone matano madogo, na umbali kati ya uso mkunjufu na uso uliopooza unaweza kuwa sentimeta moja. Anayeshika sindano lazima awe mtu anayeijua misuli hiyo kwa jina na kwa mahali. Marekani mwaka 2024 watu katika majimbo kadhaa waliugua, wengine wakalazwa, baada ya kuchomwa bidhaa bandia au kuchomwa na wasio na ujuzi. Ukianza kuona vitu viwiliviwili, kumeza kwa tabu au kukosa pumzi, usisubiri kesho, nenda hospitali. Na ikiwa ni sura tu iliyoharibika, hakuna dawa ya kuifuta. Utangoja miezi yako.

Nimesema uso mkunjufu, na neno hilo nalipenda. Tunasema kukunja uso na kukunjua uso, na anayependeza kukaa naye tunamwita mkunjufu. Kiswahili kilishajua kwamba mikunjo ni lugha. Mwaka 1862 Mfaransa Duchenne, aliyekuwa akichochea misuli ya uso kwa umeme, alieleza kuwa kicheko kina misuli miwili mikuu. Ule wa shavuni unaoinua pembe za mdomo humtii yeyote, hata mpiga picha akisema cheka. Ule wa kuzunguka jicho hujikaza wenyewe furaha inapokuwa ya kweli. Sasa fikiria sindano iliyopigwa kwenye pembe ya jicho. Imeondoa makunyanzi, na imepunguza alama ambayo sisi sote, bila kufundishwa, huitazama ili kujua kama mwenzetu amefurahi au anatupa heshima tu. Fikiria pia Uganda na sehemu nyingine za kwetu, ambako kuinua nyusi ni kusema ndiyo. Paji la uso likilala, ndiyo hiyo haitoki.

Je, uso usiokunjika hubadilisha hata moyo? Mwaka 2010 watafiti wa Marekani waliwapa wanawake sentensi za kusoma kabla na baada ya kuchomwa ndita. Baada ya sindano walichelewa kidogo kuelewa sentensi za huzuni na za hasira. Za furaha walizielewa kama kawaida. Mwaka uliofuata David Neal na Tanya Chartrand walieleza kuwa waliochomwa Botox walikosea zaidi kutambua hisia kwenye picha za macho kuliko waliowekewa dawa ya kujaza mikunjo, ambayo haigusi msuli. Maelezo yao ni kwamba tunapomtazama mtu, misuli yetu humwigiza kwa siri, na kuigiza huko hutusaidia kumwelewa. Tafiti hizo zilihusu watu wachache. Jaribio kubwa la mwaka 2022, lililohusisha karibu watu 3,900 kutoka nchi 19, lilikuta kwamba kuuiga uso wa furaha huongeza furaha kweli, lakini kidogo. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema sindano humfanya mtu kuwa jiwe. Atakayeathirika zaidi, kwa maoni yangu, ni anayekutazama: mtoto wako, mwenzi wako, mgonjwa wako, ambaye kila siku husoma usoni mwako kama mambo ni salama.

Dawa hiyohiyo hutumika pia kumrudishia mtu sura yake. Mtu akipooza upande mmoja wa uso na neva isipone sawasawa, upande usiopooza huvuta mdomo kwa nguvu zote, kwa sababu hakuna wa kuuzuia, na kila akitabasamu mdomo unakwenda pembeni. Daktari humchoma upande ulio mzima, tone hapa na tone pale, hadi nguvu zake zipungue na kukaribiana na za upande dhaifu. Kila baada ya miezi kadhaa anarudi kuchomwa tena, na katikati ya miezi hiyo anaweza kupiga picha ya harusi bila kuweka mkono mdomoni.