Mshipa wa Ubongo Unapochanika kwa Ndani

Maumivu ya kichwa yanayofika kilele ndani ya dakika moja, makali kuliko yote uliyowahi kuyapata, ni dharura. Huenda damu inavuja kuzunguka ubongo. Mara nyingi chanzo huwa kivimbe kilichopasuka cha ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, lakini kuna chanzo kingine kisichozungumzwa sana: kuchanika kwa ukuta wa ateri.

Ukuta huo una matabaka matatu. La ndani likichanika, damu hujipenyeza katikati na kuyabandua. Ikisukuma kuelekea ndani, njia hubanwa na mgonjwa anaweza kupata kiharusi cha kukosa damu. Ikisukuma kuelekea nje, ukuta unaweza kupasuka. Ateri zilizo ndani ya fuvu ziko hatarini zaidi kwa sababu tabaka lao la nje ni jembamba kuliko la zile za shingoni. Mara nyingi huathirika ile inayopanda kwenye pingili za shingo na kuingia kisogoni.

Ndiyo maana wapo wanaoanza kuumwa kisogo au shingo, zaidi upande mmoja, saa au siku kadhaa kabla ya damu kuvuja. Wengine humeza dawa au kuchuliwa, wakidhani wamelala vibaya. Shingo nyingi zinazouma hazina hatari hii, lakini maumivu mapya ya ghafla, ya aina usiyoizoea, yafaa yaonwe na daktari. Kichwa kikilipuka kwa maumivu, mtu akitapika, shingo ikikakamaa au akizimia, mpelekeni hospitali mara moja. Aspirini asipewe kabisa, kwani huzuia damu kuganda.

Hospitalini huanza CT scan, yaani picha ya kichwa ya eksirei na kompyuta, ambayo huonyesha damu vizuri zaidi ndani ya saa 6 za mwanzo. Ikiwa safi na shaka bado ipo, hupimwa maji ya uti wa mgongo. Kisha hupigwa picha ya mishipa, na hapa nasisitiza: mchaniko unaweza kuonekana kama mbano mdogo tu, au usionekane, hivyo picha hulazimika kurudiwa.

Hatari ya kuvuja tena ni kubwa mno siku ya kwanza. Kwa mrija mwembamba unaopitishwa kwenye kinena au kifundo cha mkono, madaktari huiziba ateri hiyo au huweka kijibomba cha wavu. Dawa iitwayo nimodipini hutolewa kwa siku 21, maana mishipa huweza kusinyaa, hasa kati ya siku ya 4 na ya 14.

Mgonjwa akiruhusiwa, ulizeni tarehe ya picha nyingine: ukuta uliochanika huendelea kubadilika kwa wiki na miezi.