Dhana potofu zinazowapoteza wanaoanza gemu za vita halisi

Naona watu wengi wananunua gemu kama Squad au Hell Let Loose, wanacheza mechi mbili tatu, wanakufa kila dakika bila hata kumwona aliyewapiga, wanafuta gemu na kusema ni mbovu. Gemu sio mbovu jamani. Wameingia na mazoea ya gemu za kukimbia na kufyatua, na huku mambo mengi yako kinyume kabisa. Hizi ndo imani ninazokutana nazo sana.

Dhana: mwenye shabaha nzuri ndo anashinda

Hapana. Squad ni watu 50 dhidi ya 50, Hell Let Loose hivo hivo, na kwenye uwanja mkubwa namna hiyo shabaha ya mtu mmoja haibebi mechi. Kinachobeba mechi ni wapi timu yenu inarudi uwanjani baada ya kufa. Kwenye Squad kuna HAB, kibanda ambacho timu inarudia uwanjani, kinachojengwa karibu na redio ya timu, na hakijengeki hewani, lazima lori la vifaa lilete vifaa vya ujenzi kwanza. Kwenye Hell Let Loose kuna garrison, nayo ni sehemu ya timu kurudia uwanjani, na ili ijengwe zinahitajika supply (vifaa) 50, ambazo mara nyingi zinatoka kwa mtu mmoja tu aliyechagua kazi ya support akadondosha boksi lake mahali sahihi. Sasa chukua timu yenye wapiga shabaha hodari ambayo haina garrison hata moja karibu: kila anayekufa anaanza safari ndefu ya miguu kutoka nyuma kabisa, na akifika wenzake wameshakufa nao wako njiani. Timu ya watu wa kawaida yenye garrison tatu inawamaliza bila shida. Kwa hiyo mgeni anayeuliza afanye nini cha maana siku ya kwanza, jibu langu huwa ni lile lile, chukua support, mfuate officer (kiongozi wa kikosi), akikwambia dondosha boksi hapa we dondosha. Hapo umeisaidia timu kuliko yule aliyeua maadui 30.

Dhana: bila Kiingereza kizuri au bila maiki utacheza tu

Hapa zimechanganywa mbili. Kiingereza kizuri hakihitajiki, maneno kama ishirini yanatosha. Ila maiki inahitajika, na kama huna basi hedifoni angalau usikie wenzako, manake nusu ya taarifa za gemu hizi hazipo kwenye skrini, zipo midomoni mwa watu.

Na kuongea kwenyewe kuna namna yake. Mtu anapiga kelele "yuko pale kwenye mti, pale pale!" wakati kila mmoja anaangalia upande wake na msitu mzima ni miti. Chini ya skrini una dira yenye namba za digrii, itumie. Sema mwelekeo, umbali, kisha ni nini: "120, mita 80, askari wawili nyuma ya ukuta." Basi, nyamaza. Sentensi hiyo inachukua sekunde tatu na kikosi kizima kinageuza bunduki sehemu moja. Na ukiona adui hajakuona, usifyatue kwanza, sema kwanza. Hili ni gumu sana kwa mgeni kwa sababu kidole kinawasha, lakini ndo tofauti kati ya kuua mmoja na kuua kikosi.

Dhana: nikianguka, nibonyeze haraka nirudi upya

Kwenye Squad hii inaumiza timu nzima. Ukianguka bado hujafa, umelala tu unasubiri. Ukiamua kukata tamaa timu inapoteza tiketi, yani pointi za akiba ya timu, ukiinuliwa haipotei, na tiketi zikiisha mechi imeisha. Wengi hawajui pia kwamba kwenye Squad yeyote mwenye bendeji anaweza kukuinua, sio daktari peke yake, yeye ndo anakuja kukurudishia afya ikae sawa. Kwenye Hell Let Loose ni tofauti, huko anayeinua ni daktari tu, kwa hiyo kama hakuna daktari karibu na hakuna aliyejibu ukiuliza, rudi zako usikae pale bure. Na wewe unayetaka kumwinua mwenzako, usikimbilie mwili wake ulivyo. Aliyempiga bado anaangalia pale pale. Rusha bomu la moshi kati yenu na adui, subiri moshi ushike, ndo uende.

Dhana: risasi isiyompata mtu imepotea

Squad ilibadilisha sana upande wa askari wa miguu mwezi wa 9 mwaka 2023, na tangu hapo risasi zikikupitia karibu macho yanaingia ukungu na bunduki inayumba. Yani ukimimina risasi kwenye dirisha alilopo adui, hata usipompata, yeye hawezi kulenga vizuri, na hapo wenzako wanazunguka ubavuni. Upande wa pili wa jambo hilo hilo: ukikimbia mita mia halafu ukasimama na kufyatua hapo hapo, hutampata mtu, pumzi imeisha na mikono inacheza. Simama, chuchumaa au lala, acha pumzi irudi. Na usibadilishe magazini kila baada ya risasi tatu, zile za nusu zinarudi mfukoni zikiwa nusu na utakutana nazo baadaye siku mbaya.

Dhana: mlio ulikosikika ndiko adui aliko

Hii naipenda kwa sababu ni fizikia ya kweli. Risasi ya M4 inatoka kwa kasi kama ya mita 900 kwa sekunde, sauti inatembea kama mita 340 tu. Kwa hiyo adui akiwa mita 300, risasi inakufikia kabla ya mlio wa bunduki yake. Unasikia "tah!" kali pembeni ya sikio, hiyo ni risasi yenyewe ikipasua hewa, halafu kama nusu sekunde baadaye unasikia "dum" nzito kutoka mbali. Ile ya kwanza inakudanganya mwelekeo. Ya pili ndo bunduki. Arma 3, gemu nyingine ya vita halisi, inaiga jambo hili vizuri sana, na ukizoea kungoja ile ya pili kabla ya kugeuka, unaacha kabisa kukimbilia upande usio na mtu.

Kuhusu snaipa nitasema kifupi: ni kazi yenye nafasi chache kwenye timu, na anayekaa kilimani hateki eneo. Muachie anayeijua ramani.

Vifaru pia, kwenye Squad kila gari la vita likilipuliwa linakula tiketi, kwa hiyo usipande kujaribu. Squad ina uwanja wa mazoezi unaoitwa Jensen's Range, jaribu kila kitu huko kwanza, magari, RPG, hata umbali ambao jina la mwenzako linaonekana, manake risasi zako zinaua wenzako pia na majina hayaonekani mbali. Ukimpiga wa kwenu kwa bahati mbaya, omba radhi papo hapo kwenye maiki au chati, kisha nenda ukamwinue.