Mathenge, mbuzi na meno yaliyong'oka

Ujumbe huu hauishi kwenye makundi ya WhatsApp hapa Malindi: eti mti wa mathenge (Prosopis) unakaliwa na majini, maganda yake ya mbegu yana sumu, ndiyo maana mbuzi hung'oka meno.

Meno kuharibika ni kweli. Kinachoyaharibu ni sukari: maganda ni matamu, hunata na kunasa kati ya meno, na mbuzi asiyepata kingine meno humuoza hadi ashindwe kutafuna. Mpanue mdomo, utayaona mabaki. Kwa kuwa madhara huchelewa, watu hawayahusishi na malisho. Maganda hayohayo yakisagwa na kuchanganywa na majani ni chakula kizuri, na mbegu zikisagika hazisambai kwa kinyesi.

Mti wenyewe uliletwa kutoka Amerika, ukapandwa sana Kenya miaka ya 1970 na 1980 kuzuia jangwa.

Tafadhali msiusambaze ujumbe huo. Mfugaji akiuamini hubaki akitafuta mganga huku mbuzi wake wakikonda.