Je, wajua kwa nini wiski ni ya bei rahisi bandarini St. Thomas, kisiwa cha Karibi, lakini bia haiwi ya bei rahisi Idjwi, kisiwa chetu cha Ziwa Kivu?

Hapa Bukavu familia nyingi zina mtu Marekani, Kanada au Ubelgiji, na baadhi ya ndugu hao wameanza kupanda meli za utalii zinazozunguka visiwa vya Karibi. Picha zinatufikia kwa WhatsApp: rafu za wiski, konyaki na ramu zimepangwa hadi darini, bei ziko chini ya zile za dukani kwao. Mpwa wangu aliye Texas aliniuliza hivi: "Mjomba, kisiwa kinaletewa kila kitu kwa meli. Inakuwaje pombe iwe rahisi kule kuliko huku? Mbona Idjwi vitu ni ghali?"

Nimelipenda swali hilo, kwa sababu Idjwi inatusaidia kuelewa jambo lenyewe. Chupa ya bia ya Primus inayonywewa Idjwi imetoka kiwandani ikiwa na kodi zake zote ndani ya bei, kisha imepakiwa kwenye boti, ikashushwa, ikabebwa mgongoni kupanda mlima. Kila mkono ulioigusa umeongeza kitu. Unapotoka Bukavu kwenda Goma ukapitia Idjwi, hujatoka Kongo hata dakika moja, hivyo duane (forodha) haina sababu ya kumsamehe mtu yeyote kodi. Kuwa katikati ya maji hakumpi mtu nafuu. Kinachotazamwa ni kama bidhaa imehesabiwa kuwa imeingia nchini au haijaingia.

Pombe kali ni kati ya bidhaa zinazobebeshwa kodi nzito zaidi duniani. Kwanza kuna ushuru wa forodha chupa inapovuka mpaka, halafu ushuru wa bidhaa unaopimwa kwa kiasi cha kilevi kilichomo, na mwisho TVA, yaani kodi ya ongezeko la thamani (VAT), ambayo kwetu Kongo ni asilimia 16. Uingereza, kwa mfano, mwezi Agosti 2023 iliweka ushuru wa pauni 31.64 kwa kila lita ya kilevi kitupu. Chupa ya kawaida ya wiski ya sentilita 70 yenye nguvu ya asilimia 40 ina kilevi kitupu sentilita 28, kwa hiyo inabeba karibu pauni 8.86 za ushuru, kisha inatozwa TVA ya asilimia 20 juu ya jumla yote, ushuru ukiwemo. Kiwango hicho kimepandishwa tena baada ya hapo. Mwingereza akiingia duka lisilotoza ushuru, anaona tofauti mara moja.

Marekani mambo ni tofauti, na hapa wengi hudanganyika. Ushuru wa serikali kuu kwa chupa ya mililita 750 ya asilimia 40 ni kama dola 2.14 tu. Kinacholeta tofauti kubwa ni jimbo. Jimbo la Washington linatoza asilimia 20.5 ya bei ya pombe kali, pamoja na takriban dola 3.77 kwa kila lita. Mtu wa huko akinunua kisiwani anaokoa pesa ya kweli. Mwenzake anayeishi kwenye jimbo lenye kodi ndogo, na duka kubwa la jumla karibu na nyumba, anaweza kubeba chupa kutoka Karibi hadi nyumbani na asiokoe chochote. Ndiyo maana namshauri kila anayesafiri apige picha za bei za duka la kwao kabla ya kuondoka, na aangalie ujazo: visiwani chupa nyingi ni za lita 1, ilhali dukani Marekani iliyozoeleka ni ya mililita 750. Bei mbili zinazofanana zinaweza kuwa za ujazo usiofanana.

Sasa, duka lisilotoza ushuru linakwepaje kodi hizo bila kuvunja sheria? Kanuni ni kwamba kodi ya kinywaji hulipwa katika nchi kitakakonywewa. Bidhaa inayopita tu, ikielekea kwingine, haihesabiwi kuwa imeingia. Duka la aina hiyo linapokea mzigo wake chini ya jicho la forodha na kumuuzia mtu anayeondoka. Wazo hilo lilianza kutumika uwanja wa ndege wa Shannon, Ireland, mwaka 1947. Wakati huo ndege zilizovuka Atlantiki zilisimama pale kuongeza mafuta, na abiria walikaa wakisubiri wakiwa na pesa mfukoni. Brendan O'Regan, aliyekuwa akisimamia huduma za chakula uwanjani hapo, aliona kwamba watu hao, kwa hesabu ya forodha, hawajaingia Ireland. Duka lake likawa la kwanza duniani la namna hiyo kwenye uwanja wa ndege.

Bandari za Karibi zimekwenda mbali zaidi. Pale haitoshi kusema duka limesamehewa, maana kisiwa kizima kimewekwa kando ya mfumo wa kodi za nchi kubwa. Chukua St. Thomas. Kisiwa hicho na wenzake St. John na St. Croix vilikuwa vya Denmark hadi mwaka 1917, Marekani ilipovinunua kwa dola milioni 25 za dhahabu. Bendera ni ya Marekani, pesa ni dola, lakini visiwa hivyo vimebaki nje ya eneo la forodha la Marekani. Bidhaa zinaingia kwa ushuru mdogo sana, na watalii ndio riziki kuu ya wakazi. Asubuhi meli inatia nanga Charlotte Amalie, maelfu ya watu wanashuka, wanajaa kwenye maduka ya barabara kuu, na jioni wameshaondoka.

Ulaya kuna mfano ninaoupenda kuliko huo. Tarehe 1 Julai 1999 Umoja wa Ulaya ulifuta mauzo yasiyotozwa ushuru kwa wasafiri wanaotoka nchi moja mwanachama kwenda nyingine. Kwa meli za kati ya Finland na Sweden hilo lilikuwa pigo, kwa sababu sehemu kubwa ya mapato yao yalitoka kwenye maduka ya ndani ya meli. Lakini katikati ya njia vipo visiwa vya Åland. Ni sehemu ya Finland, ila Finland ilipojiunga na Umoja wa Ulaya mwaka 1995, Åland iliachwa nje ya mfumo wa TVA na ushuru wa bidhaa wa Umoja huo. Basi meli zikaanza kupiga kituo pale, Mariehamn au Långnäs, mara nyingine saa za usiku wa manane, kwa muda mfupi tu, huku abiria wengi wamelala vyumbani. Kile kituo kifupi kinatosha kisheria: meli imegusa eneo lisilo ndani ya mfumo wa kodi, na duka la ndani linaruhusiwa kuuza. Meli nzima yenye maelfu ya watu inabadili safari yake kwa ajili ya mstari wa kodi usioonekana kwa macho.

Mstari huo huo ndio unaoeleza jambo linalowashangaza wageni wa meli za utalii: mbona duka la ndani ya meli linafungwa meli ikiwa bandarini, wakati ambapo wateja wapo? Nchi ya pwani ina mamlaka juu ya bahari yake hadi maili 12 za baharini, kwa mujibu wa mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1982. Meli ikiwa gatini iko chini ya sheria za forodha za nchi hiyo, na kuuza pale kungeifanya idaiwe kodi za pale. Kwa hiyo milango ya duka inafungwa, na inafunguliwa tena meli ikishafika bahari kuu.

Kuna jambo la pili linalowakera wengi. Unanunua chupa zako mbili mjini, unarudi melini, mfuko unapita kwenye mashine ya ukaguzi, na kabla hujafika kwenye lifti kuna meza na mfanyakazi anakuita. Anachukua chupa, anafunga kikaratasi shingoni mwake chenye namba ya chumba chako, anakupa stakabadhi. Hutaziona tena hadi usiku wa mwisho au asubuhi ya kushuka. Hata ulizonunua kwenye duka la meli yenyewe zinawekwa vivyo hivyo. Sababu kubwa ni biashara. Baa ni chanzo kikubwa cha mapato ya meli ya utalii, na mtu mwenye lita ya ramu chumbani hatanunua kinywaji kwa bei ya baa. Kuna pia suala la usalama, kwani baa inaweza kumkatalia aliyezidisha, na hakuna wa kumkatalia chumbani. Kampuni kama Royal Caribbean na Carnival huruhusu mtu mzima aingie na chupa moja ya mvinyo ya mililita 750 siku ya kwanza ya safari. Pombe kali hairuhusiwi kuingia chumbani.

Linalosahauliwa zaidi ni kwamba msamaha ule ni wa nchi ya muuzaji. Nchi unayorudi ina hesabu yake, na afisa wa forodha wa Miami hajali bango la dukani lilisema nini. Mkazi wa Marekani mwenye umri wa miaka 21 au zaidi, akirudi kutoka visiwa vingi vya Karibi, anasamehewa bidhaa za dola 800 na lita 1 ya pombe, au lita 2 ikiwa moja imetengenezwa katika nchi za eneo hilo. Akitoka St. Thomas au St. Croix anasamehewa dola 1,600 na lita 5, mradi lita 1 kati ya hizo iwe imetengenezwa visiwani humo. Ndiyo sababu maduka ya Charlotte Amalie yanaiweka ramu ya Cruzan, inayotengenezwa St. Croix, mahali pa kuonekana. Chupa moja ya ramu ya nyumbani inampandisha mteja kwenye kiwango cha juu. Ukizidisha hukamatwi, bali unatangaza na kulipa kwa kile kilichozidi. Taabu inaanza kwa anayeficha, kwa hiyo weka stakabadhi zote pamoja.

Na kama chupa hiyo imekusudiwa mzee wa familia hapa Bukavu? Kwanza ndege. Chupa iliyonunuliwa bandarini haina ule mfuko uliofungwa wa duka la uwanjani, unaokuruhusu kupanda na chupa mkononi, na kwa kuwa imezidi mililita 100 haiingii kwenye mkoba wa mkononi. Iwekwe kwenye sanduku kubwa, ikiwa haijafunguliwa. Pombe ya kati ya asilimia 24 na 70 inaruhusiwa hadi lita 5 kwa abiria. Iliyozidi asilimia 70, kama zile ramu za asilimia 75 zinazouzwa Karibi, hairuhusiwi kabisa kwenye ndege, si mkononi wala kwenye sanduku.

Halafu njia. Anayeshuka Kigali na kushika barabara hadi Rusizi, mpakani na Bukavu, ameingia Rwanda kwa hesabu ya forodha, hata kama nia yake ni kuvuka daraja la Ruzizi jioni ile ile. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inamruhusu msafiri aliyefikisha miaka 18 lita 1 ya pombe kali, au lita 2 za mvinyo. Mke na mume wakisafiri pamoja, kila mmoja ana haki yake, hivyo chupa zigawanywe kwenye masanduku mawili tangu mwanzo. Na Rwanda imepiga marufuku mifuko ya plastiki tangu mwaka 2008, kwa hiyo chupa ivikwe nguo au gazeti.