Mwenye soriasisi akivimba viungo, tutafute maambukizi gani?

Wagonjwa wa soriasisi, ugonjwa wa ngozi unaoleta mabaka yenye magamba, wanaoletwa kwangu kwa sababu ya viungo mara nyingi huja na kisa chao tayari. Goti au vidole vilianza kuvimba baada ya koo kuuma, au baada ya kuhara, au baada ya homa iliyowalaza kitandani, nao wanataka kujua kama hicho ndicho kilichowaletea. Huenda kilichangia. Lakini kwa sisi wa ukanda huu kuna maambukizi ninayoyaulizia kabla ya mengine yote, nayo ni ya VVU.

Zamani ilifundishwa kwamba baridi yabisi ya soriasisi, yaani uvimbe wa viungo unaoandamana na soriasisi, ni nadra kwa Mwafrika. Hata kinasaba cha HLA-B27, kinachoandamana na jamii hii ya magonjwa ya viungo huko Ulaya, ni adimu kwetu. Kisha mwaka 2000 madaktari Njobvu na McGill wakachapisha hesabu yao kutoka Lusaka: kati ya wagonjwa 702 wa viungo, 28 walikuwa na baridi yabisi ya soriasisi, na 27 kati ya hao 28 walikuwa na VVU. Katika jamii kwa jumla kiwango cha VVU kilikuwa kama asilimia 30. Ugonjwa wenyewe ulishika zaidi miguu, viungo vingi kwa mpigo, na magamba yalikuwa yameenea mwilini.

Ajabu iko hapa. Soriasisi ni ugonjwa wa kinga iliyozidi ukali, na VVU hubomoa kinga, vipi viandamane? Ni kwamba VVU havibomoi kila upande kwa kiasi kimoja. Hupunguza seli za CD4, zile zinazohesabiwa kliniki, na kuziacha seli nyingine za kinga, CD8, zitawale. Na CD8 ndizo tunazozikuta kwa wingi katika maji ya goti la mwenye ugonjwa huu. ARV zikishafanya kazi, mara nyingi ngozi nayo hutulia. Ndiyo maana soriasisi ikilipuka ghafla kwa mtu mzima ambaye hakuwahi kuwa nayo, naomba kipimo cha VVU siku hiyohiyo, awe shehe, padri au bibi mwenye wajukuu.

Koo nalo lina kesi yake. Bakteria wa streptokoka wanajulikana kuamsha soriasisi ya vidoa vidogovidogo, hasa kwa watoto na vijana, wiki mbili tatu hivi baada ya tonsesi. Kwa ngozi ushahidi ni imara. Kwa viungo ni dhaifu zaidi. Utafiti wa Toronto wa mwaka 2011 uliona kwamba wenye baridi yabisi ya soriasisi walitaja maambukizi yaliyohitaji antibayotiki mara nyingi kuliko wenye soriasisi ya ngozi tu. Walitaja pia majeraha na kazi ya kunyanyua mizigo mizito. Mimi huupokea kwa tahadhari, maana anayeumwa hukumbuka mengi ambayo mzima ameshayasahau.

Hapo ndipo ninapogombana na vipimo vya ASO, vya damu vinavyotafuta kingamwili dhidi ya streptokoka. Mtu anavimba vidole, maabara inasema ASO iko juu, anaandikiwa sindano ya penisilini kila mwezi. ASO ikiwa juu inaonyesha tu kwamba mwili umewahi kupambana na streptokoka. Sindano za kila mwezi zina kazi yake kwa aliyeugua homa ya rumatiki, kuulinda moyo. Baridi yabisi ya soriasisi haiziitiki. Maambukizi ni njiti ya kiberiti: nyumba ikishawaka, kuizima njiti hakuokoi paa.

Yapo maambukizi yanayojifanya ugonjwa huu. Klamidia, au bakteria wa kuhara kama salmonela na shigela, huweza kuvimbisha goti na kisigino wiki chache baadaye, na wakati mwingine nyayo huota magamba usiyoweza kuyatofautisha na soriasisi kwa macho. Chikungunya, iliyoandikwa kwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa 1952 huko Newala, huacha maumivu ya viungo kwa miezi. Na kiungo kimoja kilichovimba, chenye joto kali, pamoja na homa, ni dharura hata kama mgonjwa ana soriasisi tangu utotoni. Kichomwe sindano, maji yatolewe yapimwe leo, kwa sababu usaha ndani ya goti hula gegedu kwa siku chache tu.

Ukienda kwa daktari, onyesha kucha zenye vishimo, kidole kilichovimba chote kuanzia shinani hadi nchani, na kisigino kinachouma asubuhi. Taja soriasisi yako hata kama ni kidoa kimoja nyuma ya sikio. Prednisoloni (vidonge vya steroidi) za kununua dukani ziepuke: viungo vitanyamaza, lakini ukiziacha ghafla ngozi inaweza kulipuka vibaya. Methotreksati, dawa ya kutuliza kinga, humezwa mara moja kwa wiki, kamwe si kila siku, na kabla hujaianza utapimwa damu, ini na homa ya ini aina ya B. Wanaopewa dawa za sindano zinazozuia TNF, kemikali ya mwili inayochochea uvimbe, wapimwe kwanza TB iliyojificha, kwa kuwa dawa hizo huiamsha.