Kutomrudisha mkimbizi hatarini: kanuni inayojibu kauli ya "warudi kwao"

Msimu wa kampeni ukifika, au shambulio la kigaidi likitokea, kauli huwa ileile: wakimbizi warudi kwao. Wenye huruma hujibu kwamba wakimbizi nao ni binadamu. Ni kweli, ila jibu hilo halimbani mwanasiasa, kwa kuwa yeye hakusema si binadamu. Amesema wamekaa vya kutosha. Jibu linalombana liko kwenye sheria, nalo ni kanuni ya kutomrudisha mkimbizi hatarini.

Kanuni yenyewe inasema hivi: serikali hairuhusiwi kumpeleka mkimbizi, kwa namna yoyote ile, mahali ambako uhai au uhuru wake utatishiwa kwa sababu ya rangi yake, dini, uraia, kundi la kijamii alimo au msimamo wake wa kisiasa. Maneno "kwa namna yoyote ile" ndiyo yenye uzito. Kumpakia mtu kwenye lori usiku ni kumrudisha. Kumfungia mpaka wa nchi usoni huku risasi zikilia nyuma yake ni kumrudisha. Hata kumkabidhi kwa nchi nyingine ambayo itamsukuma huko alikotoka ni kumrudisha pia, kwa mikono ya wengine.

Kanuni hii imo katika Ibara ya 33 ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Afrika iliuongezea nguvu mwaka 1969 mjini Addis Ababa, kwa mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika ambao Kenya na Tanzania zote zimeuridhia. Mkataba wa Addis unamtambua pia anayekimbia uvamizi, ukaliwaji wa nchi yake na dola ya kigeni, au machafuko makubwa. Kwa hiyo mama aliyekimbia Kivu, mashariki mwa Kongo, kwa sababu ya vita hana haja ya kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyekuwa akimwinda yeye kwa jina. Mkataba huo unataja waziwazi kwamba kumzuia mtu mpakani nako ni marufuku, na kwamba hakuna mkimbizi atakayerudishwa kwao bila ridhaa yake.

Ni muhimu kujua pia kanuni hii isichokisema, maana watetezi wengine huitia chumvi. Haimpi mtu uraia. Haisemi atakaa milele. Haimlindi aliyevuka mpaka kutafuta kazi tu na ambaye kwao hakuna kinachomtishia. Huyo hushughulikiwa na sheria za uhamiaji. Lakini aliyeomba hifadhi na bado hajajibiwa analindwa mpaka ombi lake liamuliwe, kwa sababu bila kumsikiliza huwezi kujua yuko upande gani. Mkataba wa 1951 una hata mlango wa kutokea: mtu ambaye kuna sababu za msingi za kumwona tishio kwa usalama wa nchi, au aliyehukumiwa kwa kosa zito na akabaki kuwa hatari kwa jamii, anaweza kupoteza kinga hiyo. Ila mlango huo ni wa mtu mmoja mmoja. Haupitishi kambi nzima.

Hapo ndipo zilipokwama siasa za Dadaab, kambi ya kaskazini-mashariki mwa Kenya yenye wakimbizi wengi wa Kisomali. Aprili 2015 watu 148 waliuawa na al-Shabaab, kundi la kigaidi la Somalia, katika Chuo Kikuu cha Garissa. Hata wiki mbili hazikupita, William Ruto, wakati huo Naibu Rais, akaipa UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, miezi mitatu iihamishe kambi ya Dadaab, la sivyo Kenya ingeihamisha yenyewe. Hasira ya wananchi ilikuwa ya haki kabisa. Lakini mmoja wa wauaji wale alikuwa Mkenya, mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi na mtoto wa chifu wa Mandera, jambo ambalo majukwaani halikupata nafasi kubwa. Mei 2016 serikali ilitangaza rasmi kwamba Dadaab inafungwa. Shirika la msaada wa kisheria la Kituo cha Sheria na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya wakaenda mahakamani, na Februari 2017 Jaji John Mativo akaitangaza amri hiyo kuwa batili: inawabagua Wasomali, na inaliadhibu kundi zima kwa makosa ya wachache. Machi 2021 Fred Matiang'i, wakati huo waziri wa mambo ya ndani, aliipa tena UNHCR siku 14 ilete mpango wa kufunga Dadaab na Kakuma, kambi nyingine kubwa ya Kenya, kisha ikapangwa zifungwe mwishoni mwa Juni 2022. Tarehe ilipita, kambi zikabaki.

Siku hizi wanasiasa wajanja hawasemi "tutawafukuza". Husema "watarudi kwa hiari". Neno hilo linahitaji kuchunguzwa kuliko yote.

Tanzania ina historia ndefu na nzuri ya kupokea watu. Mwaka 2014 ilikamilisha kuwapa uraia Warundi zaidi ya 160,000 wa wimbi la wakimbizi la 1972, jambo ambalo nchi chache duniani zimelifanya. Nchi hiyohiyo, Desemba 1996, ilitangaza pamoja na UNHCR kwamba wakimbizi wote wa Kinyarwanda warudi kabla mwaka haujaisha. Wengi walipoanza kukimbilia ndani zaidi ya Tanzania badala ya kuelekea kwao, jeshi liliwageuza kuelekea daraja la Rusumo, mpakani na Rwanda. Miongoni mwao walikuwamo wauaji wa kimbari wa 1994, hilo halina ubishi, na ndiyo sababu hasa walipaswa kuchujwa mmoja mmoja badala ya kuswagwa wote pamoja.

Agosti 2019 Tanzania na Burundi zilikubaliana kuwarudisha Warundi kuanzia Oktoba, watu 2,000 kila wiki. UNHCR ilisema hali ya Burundi bado haikufaa kuhamasisha watu warudi. Jiulize: hiari inawekewaje lengo la idadi kwa wiki? Na kabla ya hapo masoko ya kambini yalikuwa yamefungwa, na usafiri wa baiskeli na pikipiki umebanwa. Mwenye nyumba akikata maji na umeme mpaka mpangaji akafungasha, hakuna atakayesema huyo amehama kwa kupenda. Mkimbizi anayejiandikisha kurudi kwa sababu mgao wa chakula umepungua na genge lake la sokoni limevunjwa yumo katika hali hiyohiyo, hata kama fomu ameisaini kwa mkono wake mwenyewe. Tena lawama si ya serikali za hapa peke yake: mgao hupungua wafadhili matajiri wanapofunga pochi, halafu haohao hutuhubiria ukarimu.

Kwa hiyo ukisikia "kwa hiari", maswali ni haya: ameruhusiwa kujua hali halisi ya kwao, pengine hata kwenda kuangalia na kurudi? Akikataa, kesho yake maisha kambini yatabaki kama yalivyo leo?

Ulaya nako kanuni hii imewatibulia wanasiasa mipango. Uingereza ilitaka kuwapeleka Rwanda waomba hifadhi waliofika kwa boti. Novemba 2023 majaji wote watano wa Mahakama ya Juu waliuona mpango huo kuwa kinyume cha sheria. Wengi walidhani mahakama imeitukana Rwanda. Swali walilolijibu majaji lilikuwa jembamba zaidi: je, kuna hatari ya kweli kwamba mtu atakayepelekwa Kigali ataishia kurudishwa alikotoka kabla ombi lake halijasikilizwa ipasavyo? Waliangalia namna maombi yalivyokuwa yakiamuliwa huko, na yaliyotokea chini ya mpango wa awali kati ya Israel na Rwanda, wakajibu ndiyo. Bunge la Uingereza likapitisha sheria Aprili 2024 inayotamka kwamba Rwanda ni salama, kana kwamba usalama hupatikana kwa kupiga kura. Serikali mpya iliufuta mpango huo Julai mwaka huohuo. Hadi wakati huo waliokwenda Kigali walikuwa watu wanne, na hao walijitolea wenyewe.