Tamponi huchaguliwa kwa siku, si kwa mtu

Tamponi ni pamba iliyobanwa inayoingizwa ukeni kufyonza damu ya hedhi, na ili uichague vizuri anza kwa kuujua mzunguko wako. Mzunguko wa hedhi ni muda wote kuanzia siku ya kwanza ya damu hadi siku moja kabla ya damu inayofuata. Kwa mtu mzima ni kati ya siku 21 na 35, na damu yenyewe huchukua siku 2 hadi 7 tu. Msichana aliyevunja ungo karibuni anaweza kufika hata siku 45, na si ugonjwa.

Damu ikiwa bado inatoka, mayai mapya yameshaanza kukomaa na homoni ya estrojeni inajenga upya utando wa ndani wa mji wa mimba. Kwa kawaida ni yai moja tu linalopevuka na kutoka. Homoni nyingine, projesteroni, hushika zamu kuulea ule utando, na mimba isipotunga homoni hizo hushuka, utando ukabanduka, ukaona siku zako. Tangu yai litoke hadi damu ije ni kama wiki 2. Sehemu inayorefuka au kufupika zaidi ni ile ya kabla ya yai. Kwa hiyo ukipata msongo mkubwa wa mawazo na siku zikachelewa, mara nyingi ni yai lililochelewa kwanza.

Utando haubanduki kwa kasi moja. Siku mbili za mwanzo kwa wengi ndizo nzito, kisha damu hupungua hadi kuwa madoa. Kwa jumla ni takriban mililita 30 hadi 80, yaani vijiko 2 hadi 5 vya chakula. Hapo ndipo matone yaliyochorwa kwenye boksi la tamponi yanapopata maana: yanaonyesha kiasi cha damu inachofyonza, wala hayahusiani na umri wako au ukubwa wa mwili. Mtu mmoja anaweza kuhitaji ya matone matatu Jumatatu na ya tone moja Alhamisi.

Chagua ndogo kabisa inayokutosha kwa siku hiyo. Ukiivuta baada ya saa 4 au zaidi ikawa inakwaruza, na pamba bado nyeupe pembeni, ilikuwa kubwa mno. Ikitoka kwa ulaini imelowa yote, ndiyo saizi yako ya leo. Isikae zaidi ya saa 8, na kama hujaanza kuona damu usiiweke "kwa tahadhari". Lakini ukilazimika kubadilisha kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, usitafute kubwa zaidi. Nenda hospitali.

Wasichana wengi huuliza kuhusu bikira, na wanastahili jibu la wazi. Kizinda, ile ngozi laini ya mlangoni mwa uke, kwa kawaida kina uwazi. Kisingekuwa nao damu ingepitia wapi? Tamponi inaweza kukitanua, hata kukichana kidogo, ila bikira ni mtu ambaye hajafanya ngono, na pamba haibadilishi hilo. Haiwezi pia kupotelea tumboni, kwa sababu tundu la mlango wa kizazi ni dogo mno. Haizibi mkojo, maana mkojo una njia yake. Asiyeitaka abaki na pedi zake, hakosi kitu.

Hofu ya kuchukuliwa kwa uzito ni nyingine. Mwaka 1980 huko Marekani wanawake wengi waliugua, na wengine wakafa, kwa sumu ya bakteria aitwaye Staphylococcus aureus. Wengi wao walitumia tamponi zenye kufyonza sana, na kampuni ya Procter & Gamble ikaiondoa yake, Rely, sokoni. Siku hizi ugonjwa huo ni nadra, ila unakwenda kasi. Ukiwa na tamponi ukashikwa na homa kali ya ghafla, kutapika au kuhara, kizunguzungu, au vipele vyekundu kama ngozi iliyoungua jua, itoe mara moja, kimbilia hospitali, na umwambie daktari ulikuwa umevaa tamponi hata asipokuuliza.